Sinema ya Nyuma ya Shuka

Kasongo, 4 Juni 1955

Yaya Sumaili,

Bismillahi. Kaka yangu, pokea salamu za mdogo wako asiyekusahau hata akiwa anatwanga mpunga. Mama hajambo, ila macho yake yanazidi kuwa na ukungu. Mimi sijambo pia, isipokuwa jambo moja nitakalolisema chini, na usirukie chini kabla hujasoma juu. Nakufahamu.

Gari la sinema lilifika Alhamisi. Wazee wa msikiti mwaka huu hawakupiga kelele, sharti ni lile lile: wanaume mbele ya shuka, sisi wanawake nyuma. Shuka likafungwa kwenye nguzo mbili katikati ya uwanja, likamwagiwa maji ili mwanga upenye vizuri, nasi tukatandika mikeka upande wetu. Usinicheke kama mwaka jana. Nyuma ni kuzuri kuliko mbele. Hakuna moshi wa gari, hakuna vichwa vya wanaume, na picha ni ile ile.

Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyenunua kitanda cha chuma na mlango wa nyumba yake ni mwembamba. Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi naona mchezaji hasa si yule mwanamume anayesukuma kitanda, ni mke wake, amekaa tu ndani anamenya vitunguu na hasemi neno. Uso wake peke yake ni sinema nzima. Mwisho sikuupenda. Wamevunja ukuta, kitanda kimeingia, basi, imekwisha. Na mvua ikinyesha je?

Ya pili, karamu ya Wazungu kwao Ulaya. Yaya, wote walikuwa wanakula kwa mkono wa kushoto! Watoto kwa wakubwa! Mabibi walisema astaghfirullahi mpaka mwisho, hakuna aliyesikia maneno ya msemaji.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Machimbo. Watu wetu wamekaa mstari mmoja wanaponda mawe kwa nyundo. Marcellin, yule msemaji wa gari, akasema kwenye bomba lake la kukuza sauti, "Angalieni ndugu zenu, wanafanya kazi kwa furaha." Mmoja akainua kichwa, akajipangusa jasho, akatutazama sisi, akacheka.

Alikuwa Zuberi. Meno yale, shingo ile. Nikashika mkono wa mama. Halafu nikaangalia vizuri. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kushoto, unajua, nyundo yake na mwiko wake vyote kushoto. Huyu alishika nyundo kwa kulia. Wenzake wote kushoto, yeye peke yake kulia. Na kovu la tofali juu ya jicho, huyu analo, lakini liko jicho la kulia. La Zuberi lilikuwa kushoto. Basi si yeye. Ni mtu aliyefanana naye, Mungu ana watu wengi.

Lakini harusi yangu na Amisi ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa saba, na siwezi kwenda nayo hivi. Hapa Kasongo nani alimjua Zuberi? Tulikaa huko kwenu Kabambare mpaka alipoondoka kwenda machimboni. Gari likifika huko, nenda ukamwangalie kwa ajili yangu, kisha uniambie kwamba si yeye. Ni hilo tu.

Mdogo wako,
Aziza binti Salumu


Kabambare, 9 Juni 1955

Mdogo wangu Aziza,

Nimeruka chini kabla ya kusoma juu, kama ulivyojua. Halafu nikarudi juu nikacheka peke yangu kwenye cherehani mpaka mteja akaniuliza kama nimelewa.

Gari halijafika. Wanasema daraja limekatika na wanangoja miti. Kwa hiyo habari ya kitanda siwezi kubishana nawe leo, ila nakuonya, nitabishana. Mwaka jana, kwenye ile sinema ya mpumbavu na mbuzi, ulishikilia kwamba mbuzi alimjia kutoka kulia, nami nilimwona kwa macho yangu mawili akitoka kushoto. Mwaka juzi ikawa kofia ya mpumbavu yule yule. Wewe sinema unaipenda sana lakini huiangalii, unaangalia majirani wamevaa nini. Sasa Wazungu wanakula kwa kushoto! Nimewahi kumshonea suruali Mzungu mmoja hapa, nimemwona mezani kwake, kijiko kilikuwa kulia kama changu.

Huku kwetu hakuna nyuma ya shuka. Shuka linapigwa misumari kwenye ukuta wa ghala la pamba, wanawake wanakaa upande mmoja, wanaume upande mwingine, na wote mbele.

Sasa lile la chini. Mdogo wangu, Zuberi alikufa. Michel alifanya kazi naye, alikuwepo udongo ulipomfunika, na alitembea mpaka hapa kutuletea shati lake. Ni shati nililomshonea mimi siku alipoondoka. Unakumbuka alivyonisumbua? Alitaka mfuko wa kifuani uwe upande wa kulia, ili mkono wake wa kushoto uingie bila kujikunja. Nilimwambia watu watasema fundi Sumaili amelewa. Akasema, "Waache waseme, yaya. Mukono ni yangu, mufuko ni yangu." Nikashona. Duniani hakuna shati jingine la namna hiyo, na hilo liko kwenye sanduku lako. Ulikaa eda, ulilia, ulirudi kwa mama. Umemaliza haki yake.

Amisi ni mtu mzuri. Alipopita hapa na samaki wake wa Nyangwe alinisalimu kwa adabu hata kabla ya kuwa shemeji. Gauni lako limebaki mikono tu. Tulia.

Yaya yako,
Sumaili


Kasongo, 14 Juni 1955

Yaya,

Asante kwa maneno mazuri. Hayakunisaidia.

Nimeona ajabu moja katika moyo wangu na nitakuambia wewe tu. Nilipouona ule mkono wa kulia nilisema alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti, mama alinisikia, akadhani nafurahia sinema. Mke gani anamshukuru Mungu kwa sababu mtu aliye hai si mume wake? Zuberi hakunikosea kitu. Alikuwa ananiletea ubuyu mfukoni kama mtoto. Nilimlilia mpaka nikakonda. Lakini sasa nimempenda Amisi, yaya, na niliogopa Zuberi amerudi kuniharibia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Naona Mungu atanilipa kwa ile alhamdulillahi.

Tena lile shati. Unasema liko sandukuni mwangu. Liko, ndiyo, lakini sijawahi kulikunjua. Michel alilikabidhi kwa mama mkwe, na mama mkwe alilifunga kwa kamba nikiwa bado ndani kwenye eda, akanipa furushi, akasema, "Weka, usifungue, utaumia." Nami niliogopa harufu ya udongo ule. Nimeona kitambaa tu, ile kaki.

Sinema imebaki kichwani mwangu. Juzi nimemweleza Amisi habari ya kitanda, alikuwa upande wa mbele siku ile, na tukagombana! Yeye anasema mke alikuwa amekaa kushoto kwa mlango, mimi nasema kulia. Nikamwambia, wewe ni kama kaka yangu, nyinyi wanaume macho mnayo ya kuangalia samaki. Akacheka. Sikuthubutu kumuuliza habari ya yule wa machimbo. Ningemuulizaje bwana harusi?

Ombi jingine. Siku gari likifika, mzuie mama Mwamvita asiende. Macho yake bado ni mazima na Zuberi alikuwa mwanawe wa pekee. Akimwona mtu aliyefanana naye atavunjika. Mwambie ni sinema ya mambo ya choo, hataenda.

Nangoja barua yako.

Aziza


Kabambare, 20 Juni 1955

Mdogo wangu Aziza,

Salamu. Gari limefika jana. Nimeona sinema ya machimbo. Si yeye. Olewa kwa amani.

Gauni limekwisha, nampa dereva wa kamioni pamoja na barua hii. Msalimu mama.

Sumaili


Kasongo, 23 Juni 1955

Yaya Sumaili,

Gauni nimelipata, ni zuri, linanikaa. Barua yako pia nimeipata, na hiyo hainikai.

Wewe unaweza kuniandikia karatasi mbili kuhusu kofia ya mpumbavu. Safari hii umeona sinema tatu na umeniletea mistari mitatu. Kitanda je? Wazungu wale je, walikula kwa mkono gani? Ulinionya kwamba utabishana, na hukubishana. Hukusema yule mtu alishika nyundo kwa mkono gani. Hukusema kama mama mkwe alikwenda.

Nami nitakuambia kama alikwenda. Mama mmoja muuza karanga ametoka huko kwenu jana. Nilikuwa nachagua karanga zake, mimi hanijui. Akawa anamweleza mwenzake, "Kabambare kuko mama moja, ameona mutoto wake kwa sinema. Sasa anafuata gari kwa miguu, kijiji kwa kijiji." Nilimuuliza jina la yule mama. Akaniambia Mwamvita. Karanga zilinimwagika zote.

Yaya, mficha maradhi, kifo humuumbua. Unafikiri unanihurumia. Nitaingia nyumba ya Amisi na mume wangu anaponda mawe mahali fulani na anacheka? Nitakuwa nani? Watoto nitakaozaa watakuwa wa nani? Usiponijibu kabla ya Ijumaa ya harusi, nitakwenda mwenyewe mbele ya wazee, niseme nilichokiona, na kila mtu ajue kwamba kaka yangu alikijua akanyamaza.

Niambie mkono gani.

Aziza


Kabambare, 26 Juni 1955

Aziza, mdogo wangu,

Kushoto.

Nisamehe. Kaa chini kwanza, soma polepole, kwa sababu jambo lenyewe halijaishia hapo.

Sikuweza kumzuia mama Mwamvita. Nilimwambia ni sinema ya choo, akasema hata choo atakiona, amechoka kukaa na kuku. Akakaa mbele kabisa. Yule mtu alipoinua kichwa, yeye alisimama kabla yangu. "Mutoto wangu! Mutoto wangu!" Basi uwanja mzima ukainuka, wanaume wakapiga kelele, "Zuberi iko muzima! Zuberi iko muzima!" Kivuli cha mama kikawa juu ya shuka, katikati ya picha, mikono yake imeshika uso wa mwanawe. Marcellin akaacha kusema. Mimi nilibaki nimekaa. Nyundo mkono wa kushoto. Kovu juu ya jicho la kushoto. Na kifuani, mfuko upande wa kulia, Aziza. Mshono wangu. Fundi hawezi kukosea mshono wake, hata ukiwa juu ya ukuta wa ghala.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza wewe uliona nini, maana barua yako ilisema kulia, kulia, na wewe si mwongo. Asubuhi nilikuwa nashona kanzu ya mteja, imetarizwa kifuani. Nikaigeuza ili nikate nyuzi, na ua lililokuwa linaangalia kulia likaangalia kushoto. Nikaacha mkasi. Mdogo wangu, ninyi mnakaa nyuma ya shuka. Picha mnaiona kwa upande wa nyuma wa kitambaa. Kila kilichoko kulia kwenu kinakwenda kushoto. Mbuzi wetu. Kofia. Mke wa kitanda. Wale Wazungu walikula kwa kulia, masikini, mmewatukana bure. Na ule mstari wa waponda mawe, wenzake wote walishika kulia na yeye peke yake kushoto, kama alivyokuwa siku zote. Kungekuwa na mmoja wenu anayesoma maandishi ya Kizungu pale kwenye mikeka, angeshangaa yamegeuka. Lakini ninyi mnasoma herufi za Kiarabu za chuoni, yale kwenu ni mapambo tu. Miaka mitatu tunagombana kuhusu mbuzi na kofia, na sote tulisema kweli.

Sasa kwa nini nilikudanganya. Niliwaza hivi: shati lile lilirudi. Kama lilirudi, basi siku waliyompiga picha amelivaa ni kabla ya kufa kwake. Sinema hii ni ya zamani, Zuberi amekufa, nikuumize kwa nini? Nilikwenda kwa Marcellin, nikamuuliza walipiga picha lini. Akasema, "Mie nasema tu, ndugu. Wananiletea sanduku, nafungua, naonyesha. Picha haina siku." Nikaona basi, nitafunga mdomo, uolewe.

Halafu nikasoma tena barua yako. Wewe hujawahi kulikunjua. Mimi sikuliona, Michel alipofika nilikuwa nimekwenda kununua vitambaa, na niliporudi lilikuwa limefungwa tayari. Sote tumeona kaki. Wanaume wote wa machimboni wanavaa kaki! Na kama Michel, katika hofu ile, alimfananisha mtu, akachukua shati la marehemu mwingine?

Kwa hiyo fungua furushi. Angalia mfuko. Ukiwa upande wa kulia wa mwenye kulivaa, ni lake, na yule anayecheka kwenye shuka ni marehemu, na Ijumaa uolewe. Ukiwa kushoto kama mashati yote ya dunia hii, basi shati ni la mtu mwingine, na sijui Zuberi yuko wapi, na harusi isimame. Safari hii hakuna shuka katikati. Utalishika kwa mikono yako.

Nimempa dereva barua hii mkononi, nimemwapisha kwa jina la mama yake. Daraja bado ni bovu. Naomba lisikatike tena kabla ya Ijumaa.

Sumaili


Kasongo, Alhamisi, 30 Juni 1955

Yaya,

Dereva alifika leo baada ya adhuhuri. Nyumba imejaa mashangazi, mchele umeshachaguliwa, mikono yangu imeshapakwa hina. Nimesoma barua yako jikoni nimesimama.

Sikufungua peke yangu. Nilimwita Amisi. Mashangazi walipiga makelele kwamba bwana harusi haingii siku kama hii. Nikasema aingie au hakuna harusi. Nilimwambia yote mbele ya mama, hata ile alhamdulillahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Fungua tu. Kama mwenyewe iko muzima, mie nitaondoka, na samaki nitaendelea kuleta kwa mama. Kama amekufa, kesho ni kesho." Akanisogezea furushi yeye mwenyewe, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

Kamba ilikuwa imekaza, nikaikata kwa kisu cha vitunguu. Nilikunjua kifua cha shati nimefumba macho. Mama, ambaye haoni vizuri, alipapasa kitambaa kabla yangu. Akasema, "Mufuko ni huku." Nikafumbua.

Kulia, yaya. Kulia kwa mwenye kulivaa. Nililigeuza ndani nje na kurudi, nililivaa juu ya gauni langu ili nisije nikakosea tena. Kulia. Niliingiza mkono wangu wa kushoto, ukaingia bila kujikunja, kama alivyotaka.

Nililia, na sikulia kidogo. Nilimlilia Zuberi mara ya pili, na wanja ukaniharibikia usoni. Yule aliyetucheka sisi kwenye mikeka alikuwa marehemu, na mimi nilimwogopa. Amisi hakuniambia ninyamaze. Alikaa mlangoni mpaka nilipomaliza, akaenda kuwaambia mashangazi wasukume kuni mekoni, mapishi yaendelee.

Harusi ni kesho. Nakwenda kwa moyo mmoja.

Lakini mama Mwamvita je? Sisi tumetulia, na yeye anatembea na jua lile nyuma ya gari, akiamini ana mtoto. Mfuate, yaya, chukua kinga yako, hiyo baiskeli, uende. Mwambie habari ya mfuko. Usimtume mtu mwingine akamwambie. Nakuona unavyokwepa kwa mbali, usikwepe.

Mdogo wako,
Aziza


Lusangi, 4 Julai 1955

Aziza, mke wa Amisi,

Hongera, na Mungu akupe watoto wenye macho mazuri. Nakuandikia nimekaa juu ya jiwe, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nilimkuta mama Mwamvita hapa Lusangi jana jioni. Hakuwa amekonda, wanawake wa kila kijiji wanampa sombe ya majani ya muhogo na mahali pa kulala, na Marcellin anampandisha garini njia ikiwa ya mawe. Hapa pia shuka linafungwa kwenye nguzo. Wanawake wako nyuma, lakini yeye alikuwa ameshatandika kanga yake mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyemfukuza. Nikakaa karibu naye. Kinga ilikuwa imenimaliza miguu, na maneno niliyoyapanga njia nzima yalikuwa yamenimaliza moyo.

Nikamwambia, "Mama, Aziza amefungua furushi. Mfuko uko kulia. Shati ni la Zuberi. Hii sinema ni ya zamani."

Hakugeuka. Alisema, "Mie najua, mwanangu. Ni mie niliosha lile shati mbele ya kulifunga. Mufuko niliuona."

Nikamuuliza kwa nini basi alisimama, kwa nini anatembea hivi, na Kabambare yote inasema Zuberi yuko hai.

"Watu ndio walisema muzima. Mie nilisema mutoto wangu." Akanisogezea kipande cha kanga nikae vizuri. "Lile shati lilikuwa na udongo mpaka ndani ya mufuko. Nikaliosha, nikafunga, Aziza asione. Toka siku ile, nikifumba macho namuona Zuberi na udongo. Sasa hapa kila siku namuona anacheka. Gari likimaliza vijiji, nitarudi kwa kuku zangu."

Basi ikaanza. Kitanda kwanza. Ulisema kweli, yule mke ndiye mchezaji, ila mwisho wake mimi nimeupenda, na tutagombana. Ilipofika zamu ya machimbo niliinuka, nikazunguka, nikaenda nyuma ya shuka walikokaa wanawake, wakanifukuza kwa maneno mabaya lakini nilikuwa nimeshaona. Nilimwona Zuberi wako wa mkono wa kulia. Hata mimi ningeapa kwamba si yeye.

Nilirudi mbele. Mama Mwamvita alinishika mkono, akasema nitazame, sasa atainua kichwa. Akainua. Yeye naye akacheka pamoja naye, kwa sauti, na watu wa Lusangi, wasiojua kitu, wakacheka pia.

Amekutumia salamu. Anasema ulitunze vizuri gauni lile, na shati umrudishie yeye, yuko tayari kuliona tena.

Yaya yako,
Sumaili